Mdomo wa Kulabu

Upepo wa Julai ukianza, wanawake wa Chang'ombe hujifunika kanga mpaka chini ya macho. Vumbi linaingia puani, linaingia kwenye unga, linaingia hata kwenye mswaki uliouacha ndani ya kikombe. Dada yangu hajifuniki. Namwita dada kwa kuwa amenizidi umri, ila ni mtoto wa mjomba wangu, na kwa desturi yetu huyo ni mtani kabisa. Anapita barabarani uso wazi, macho ameyakunja, midomo imepauka, na akifika kwenye duka la vifaa vya ujenzi anakofanya kazi anakohoa kwanza ndipo amsalimie mtu. Watu wanasema anaringa. Mimi najua kwamba hawezi tena kuvumilia kitambaa usoni, na najua imetokana na nyundo yangu.

Mimi ni fundi wa mikanda. Shule niliishia kidato cha pili, mjomba akanichukua kwenye kibanda chake. Tunashona vifuniko vya malori, mabegi ya shule msimu ukifika, lakini kazi yetu kubwa ni matandiko ya punda wanaovuta mikokoteni ya maji na magunia. Kabla hatujakata hata kipande cha ngozi, mjomba humuuliza mwenye punda swali moja: "Anapita njia gani?" Punda wa barabara ya lami mkanda wake ni mwingine, na punda wa makorongo mkanda wake ni mwingine. Hilo ndilo alilonifundisha siku ya kwanza.

La pili alilonifundisha ni kufunga mdomo wa kulabu. Kulabu yoyote inayopita mikononi mwetu tunailaza juu ya kipande cha reli, tunaigonga ncha taratibu mpaka mdomo uwe mwembamba kuliko pete. Pete unaiingiza kwa kuisukuma, ikishaingia haitoki mpaka uibane na koleo. Mjomba aliwahi kuona mkokoteni ukimrudia mwenye punda kwenye mteremko wa huko Mkonze baada ya pete kuruka kwenye kulabu. Yule bwana hakutembea tena vizuri. Toka hapo mjomba anasema kulabu yenye mdomo wazi inamsubiri mtu.

Sasa huyu dada yangu ni mrefu. Mrefu wa kuinama mlangoni. Bosi wake dukani ni mzee wa Kihindi aliyekulia Tanga, na mzee huyo ana mashua ndogo ya tanga, ya kuchezea, ambayo siku za mapumziko huivuta kwa gari mpaka bwawa la Hombolo. Aliyekuwa akienda naye alihama. Mzee akamtazama dada yangu akipanga mabati, akasema, "Binti, wewe Mungu amekuumba kwa ajili ya mashua na hukuambiwa." Dada akacheka siku nzima. Wiki iliyofuata akaenda.

Mara ya kwanza nilipokwenda kumtazama nilidhani ameanguka. Kwenye mashua ya namna ile, tanga likijaa upepo, chombo kinalala upande. Ili kisilale kabisa, mtu mmoja anatoka nje. Kutoka juu ya mlingoti unashuka waya wenye pete. Yeye amevaa mkanda mpana unaomshika kiuno na makalio kama nepi, na mbele ya tumbo pana bamba la chuma lenye kulabu. Anaingiza pete kwenye kulabu, anakanyaga ukingo wa mashua, ananyoosha miguu, na mwili wote unalala hewani juu ya maji, ameshikwa na ule waya peke yake. Mzee yuko nyuma na usukani. Nilimwona dada yangu amelala juu ya hewa, kichwa karibu kiguse maji, anapiga kelele za furaha kama mtoto kwenye bembea.

Mimi ni mtu wa ndoto, nikubali. Usiku ule kabla sijalala nilishakuwa na mashua kumi. Nilishashona mikanda ya vijana wote wa Hombolo, yenye rangi ya chungwa. Nikawaza, upepo wetu huu miaka yote umetupa macho mekundu tu, kumbe una kazi! Nilimweleza dada, akasema, "We fundi wa punda, anza kwanza kujua kuogelea." Sikujua. Bado sijui vizuri.

Basi siku moja akaja kibandani na mkanda wake umefungwa ndani ya mfuko wa rambo.

"Shikamoo baba," akamsalimia mjomba, kisha kwangu mimi bila salamu, "Mtani, itazame hii takataka."

"Imefanya nini?"

"Pete inadondoka. Nataka kutoka nje, nikishageuka tu, pwaa, imedondoka. Juzi nimekaa kwenye maji mbele ya wavuvi. Wamecheka mpaka samaki wamekimbia."

Niliitoa ile kulabu nikaishangaa. Mdomo wake ulikuwa mpana, na ulitazama chini. Nilisema moyoni, huyu aliyeitengeneza alikuwa amelewa. Kulabu inayotazama chini, mdomo wazi, halafu mtu aning'inie nayo! Mjomba naye akaja akaitazama, akatikisa kichwa, akarudi kwenye cherehani.

Sikuuliza. Punda wote waliopita mikononi mwangu nimewaulizia njia wanayopita, mpaka punda mmoja kilema wa jirani yetu. Dada yangu mwenyewe sikumwuliza kulabu ile inatakiwa ifanye nini, wala bosi wake sikwenda kumwuliza, na duka lake siyo mbali. Niliweka kulabu juu ya reli nikagonga kwa upendo wote. Niligonga taratibu ili chuma kisipate ufa. Nikaleta pete ya saizi ile ile, nikaisukuma, ikaingia kwa mlio mzuri. Nikaitikisa, nikaigeuza juu chini, haikutoka. Halafu, kwa kuwa ni mtani wangu na nampenda, nikarudia na mishono ya mkanda mzima kwa uzi wa nailoni maradufu.

"Hapo hata ukigombana na upepo hamtaachana," nikamwambia.

"Asante, fundi wa punda. Leo umekuwa fundi wa watu."

Mzee wa dukani aliiona siku ile ile. Aliipitisha kidole akasema imekuwa ngumu kidogo. Dada akamjibu ndivyo anavyotaka. Wateja walikuwa wamejaa dukani. Ikaishia hapo.

Jumamosi iliyofuata mjomba akafunga kibanda, jambo asilolifanya. Alitaka kumwona mtoto wake. Alivaa shati la kanisani, akabeba karanga za kuchemsha kwenye kopo. Tulikaa pale ukingoni penye majani makavu, na dada alipotoka nje na kulala hewani mjomba alisahau kutafuna. Pete haikudondoka. Walikwenda mpaka katikati ya bwawa, wakageuka, wakarudi, akatupungia mkono mmoja.

"Ile kazi yetu inaning'inia pale," mjomba akasema polepole, na nikaona anajitahidi asitabasamu sana.

Upepo wa kwetu una tabia ya kukata ghafla, kama mtu aliyeitwa na mwenzake. Ulikata. Mashua iliyokuwa imeegemea upepo ikakosa pa kuegemea, ikamlalia dada. Aliingia majini chali, na tanga likashuka juu yake likatulia kama shuka juu ya kitanda.

Nilicheka. Nilipiga makofi. Nilishamwona akipinduka mara nyingi, na kila mara huibuka anatukana kwa furaha. Niliita, "Osha uso, mtani! Osha uso!" Na mjomba naye akacheka kwa kuniona mimi nacheka. Makofi hayo ndiyo ninayoyasikia mpaka leo. Mengine yote nimejaribu kuyapangia maneno, hayo siyawezi.

Kichwa cha mzee kikatokea upande wa nyuma. Kichwa cha dada hakikutokea. Mzee akaanza kupiga kelele kwa Kihindi, kisha kwa Kiswahili, "Amenasa! Amenasa!" Chini ya lile tanga jeupe nikaona kitu kinalisukuma kwa ndani, mara hapa, mara pale. Jaketi lake la kuelea lilikuwa linampeleka juu, na juu palikuwa na kitambaa. Waya ulikuwa unamshika tumboni. Hakuweza kwenda kando hata hatua mbili.

Nilikimbia majini mpaka maji yakafika kifuani, nikasimama. Nilisimama kwa sababu sijui kuogelea. Wavuvi wawili waliokuwa wanatoa nyavu walipiga makasia mtumbwi ukaruka. Mmoja akajitupa chini ya tanga na kisu cha nyavu mdomoni. Mjomba alikuwa amepiga magoti kwenye tope na kopo la karanga bado amelishika.

Walimtoa. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Mvuvi akamlaza kifudifudi kwenye mtumbwi, akamkandamiza mgongoni, naye dada akatapika maji, akalia kwa sauti kama ya mbuzi mchanga. Sijawahi kusikia sauti tamu namna ile.

Tulipomfikisha ukingoni mzee akaushika ule mkanda uliokatwa. Mvuvi alikuwa amekata katikati ya utepe. Mshono wangu haukuachia hata uzi mmoja. Na kwenye kulabu pete ilikuwa bado imo ndani, imekaa vizuri, kama nilivyoiweka.

"Mdomo nimeufunga mimi," nikasema. Nilisema pale pale, sikutaka mtu aulize.

"Nyundo ni yangu," mjomba akasema.

"Nyamazeni," mzee akasema. "Nahodha ni mimi. Niliigusa kwa kidole changu hiki."

Tukambeba hivyo, watu watatu tunagombania kosa, na yeye katikati anatetemeka ndani ya shati la kanisani la baba yake.

Alikaa hospitali siku chache, mapafu yakapona. Nyumbani akawa yule yule, utani ule ule. Mimi ndiye nilibadilika. Nilikuwa napita kwao kila asubuhi. Nilimchotea maji ndoo baada ya ndoo, nikajaza pipa, nikajaza masufuria. Siku moja akatoka mlangoni akaniangalia na ndoo yangu.

"Hivi wewe unataka nife maji tena?"

Mama yake alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilimwaga ndoo yote miguuni. Ningependa anitukane kweli, mara moja tu, tumalizane. Hakunitukana. Ila nikaanza kuona anaogea kikombe kwa kikombe, hamwagii maji kichwani. Nguo ikipita usoni wakati wa kuvaa, anaivuta kwa haraka kama inamuunguza. Upepo ulipoanza, nikamwona barabarani na uso wazi.

Kibandani nikashindwa kufunga kulabu. Nilikuwa naigonga mara moja, naacha. Mwenye punda mmoja alikuja kuchukua matandiko akaona mdomo wazi, akauliza vipi. Mjomba akaninyang'anya nyundo.

"Punda hazami," akasema. "Yeye njia yake ni makorongo." Akagonga mwenyewe. Lakini niliona naye mkono wake hauna raha.

Nilikwenda dukani kwa mzee. Nilikwenda kumwuliza lile nililopaswa kuuliza mwanzo. Alinikalisha juu ya gunia la saruji, akanichorea kwa kalamu kwenye kipande cha boksi. Mdomo unatazama chini kwa makusudi. Uzito wako ukiwa kwenye waya, pete inavutwa juu na haiwezi kutoka. Ukisimama, au ukianguka majini, waya unalegea na pete inadondoka yenyewe.

"Kudondoka siyo ugonjwa, kijana wangu. Ndiyo kazi yake," akasema. "Yeye alitakiwa aushike waya kwa mkono mpaka uzito ukae. Mimi sikumfundisha vizuri."

Kwa hiyo pete ingedondoka. Upepo ulipokata, pete ingedondoka yenyewe, angeogelea kando, angeibuka anatukana, na makofi yangu yangekuwa makofi tu. Nilikaa pale juu ya saruji, nikaupitisha kidole mchoro ule. Mzee akaniletea soda.

Yeye mwenyewe alikuwa ameshaagiza kulabu ya aina nyingine kupitia ndugu yake wa Dar. Hii bamba lake lina kamba fupi yenye kifundo chekundu. Hata pete ikinasa, hata uzito wote ukiwa juu yake, ukivuta kifundo kulabu nzima inabanduka kwenye bamba na kubaki na waya, wewe unaondoka. Ilipofika aliileta kibandani ndani ya kitambaa kama anabeba yai.

"Ishone," akaniambia.

"Mzee, tafuta fundi mwingine."

"Nimetafuta. Wote hawaogopi. Nataka anayeogopa."

Niliishona. Sikuigonga popote. Halafu mjomba akasema hakuna kitu kinatoka hapa hakijapimwa, tukafunga waya kwenye boriti tunakoning'iniza matandiko, nikavaa mkanda, nikajitundika. Chini tuliweka magunia ya mabaki ya sponji. Nikavuta kifundo. Kabla sijafikiri nilikuwa chini, nimekalia sponji, miguu juu. Mjomba alicheka mpaka akashika cherehani. Tukarudia. Safari ya pili nikavuta, haikubanduka. Nikavuta kwa mikono miwili, wapi. Nikabaki nazunguka hewani.

"Kama mbuzi wa mnadani," mjomba akasema, lakini kicheko kikamkatikia njiani. Vumbi. Kibanda chetu ni vumbi tupu, lilikuwa limeshaingia kwenye tundu la pini inayoishika kulabu kwenye bamba. Tukaiosha kwa maji safi, tukaipulizia, ikabanduka. Tukaipaka vumbi kusudi, ikagoma, tukaosha, ikakubali. Mzee tulipompigia simu alisema ndivyo, huoshwa kila safari, na hujaribiwa nchi kavu kila siku kabla mtu hajaingia majini, na hata hivyo kisu kinakaa kifuani mwa jaketi. Hakuna kulabu ya kuiamini ukalala.

Nilikuwa nimening'inia kwenye boriti kwa mara isiyo na hesabu dada alipoingia. Alisimama mlangoni, upepo nyuma yake, uso mwekundu kwa vumbi.

"Mnachinja?" akauliza.

Nikavuta, nikaanguka miguuni pake. Alicheka, cheko la zamani. Kisha akautazama mkanda kwa muda.

"Nivalishe."

Mjomba akasema subiri. Yeye akasema, "Baba, nivalisheni." Tukamvalisha. Alining'inia, urefu wote ule, magoti amekunja. Akavuta, akaanguka kwenye sponji. Akavuta tena. Mara ya tatu akiwa juu akasema bila kunitazama, "Sasa lete turubai. Nifunike."

"Sikufuniki."

"Nifunike, mtani."

"Mwambie baba yako akufunike."

"Nakwambia wewe."

Nilichukua kipande cha turubai la lori, jepesi kuliko yote. Nikalitupa juu yake, likashuka polepole, likatulia. Nikaona umbo la pua, umbo la mdomo ukivuta hewa, kitambaa kinaingia na kutoka. Mkono wake ulikuwa unatafuta kifundo kwa ndani, mara hapa, mara pale. Nilinyoosha mkono kuliondoa. Mjomba akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu.

"Mwache," akasema.

Mlio wa pini, kisha sponji. Turubai likalala chini na yeye chini yake. Nje mtu alikuwa anamfokea punda.

"Linanuka lori," sauti ikasema kutoka ndani.

Akalitoa mwenyewe usoni. Machozi yalikuwa yamechora njia mbili kwenye vumbi. Akasema, "Tena." Tukarudia. Safari hiyo turubai lilipomgusa tu akapiga kelele, "Toa! Toa! Toa!" na nikalitoa kwa haraka mpaka likachanika pembeni. Akashushwa na baba yake, akakaa juu ya gunia, anahema.

"Basi leo," akasema. "Kesho kutwa tena. Hapa hapa. Bwawa litasubiri."

"Hata usiporudi bwawani," nikaanza.

"Nimekwambia kesho kutwa. Na hili lioshe, linanuka."

Alitoka. Upepo ulikuwa mkali, wanawake wote barabarani walionekana macho tu. Nilimwona akiinua kanga kutoka begani. Ikafika kidevuni, ikasimama hapo. Akatembea nayo hivyo, ameishika kidevuni, mpaka akakata kona.

Mjomba akarudi kwenye cherehani. Mimi nikaokota turubai nilikunje. Upande wa ndani, pale ulipokuwa mdomo wake, palikuwa na unyevu wa pumzi, duara dogo kama kisahani. Sikulikunja. Nililitandaza juu ya benchi, nikakaa pembeni yake mpaka likakauka.